Kiti Nje ya Dirisha la Jacinta

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na mimi nimeanza daftari hili. Ni la mwisho kati ya yale niliyobeba siku niliyostaafu. Juu ya jalada pameandikwa "Andalio la Somo", na baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiswahili hapa Gesima sioni haya kulitumia kwa mambo yangu. Andalio lazima liwe na lengo, nami ninalo: mtoto aliye tumboni mwa mke wa mwanangu afike Julai.

Jacinta amerudi leo kutoka hospitalini Kisii. Daktari amemshona uzi ndani ili mimba isitoke, akamwamuru alale, asiinuke ila kwenda msalani. Mimba ina wiki ishirini. Wawili waliotangulia hawakufika hata ishirini na tano. Tuliwazika nyuma ya migomba bila majina. Mwanangu Bravin ni karani wa stoo Nakuru, atakuja akipewa ruhusa. Mong'ina, jirani anayenichumia chai, atampikia na kumwogesha.

Na mimi? Mimi ni baba mkwe. Kwetu Wagusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ndiyo chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake, na sijawahi kuivunja. Nyumba yao iko hatua arobaini kutoka kwangu. Mabati yake niliyapigilia mwenyewe, lakini tangu siku Bravin alipooa sijui hata viti vyao ni vya rangi gani.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Chai inachipuka kwa fujo.

Alhamisi, 6 Machi

Mong'ina alikuja na ujumbe: "Mwalimu, Jacinta anasema ulete kiti yako huko kwa dirisha yake. Anasema amechoka kuongea na dari."

Nilinung'unika, nikaenda. Kiti changu ni cha shule, cha mbao, nilipewa siku ya kuagwa. Nilikiweka chini ya upenu, mgongo ukutani, uso kwenye chai. Yeye yuko ndani, kitanda chake chini ya dirisha. Dirisha linashikiliwa wazi na kiboko wa jiwe aliyechongwa na baba yake, mzee Okemwa wa Tabaka. Hanioni, simwoni, tunasikizana. Hata wazee wa zamani wasingepata la kusema.

"Tata, umeshindaje?" Ananiita Tata, yaani baba.

"Nimeshinda. Unataka nini?"

"Unisomee Zaburi."

Nikamwuliza, wewe Mkatoliki una shanga zako za kuhesabu, Msabato wa nini? Akacheka. Nilisahau kwamba anacheka hivyo, kwa kukohoa kidogo mwishoni. Nikasoma.

Niseme ukweli hapa ambapo hakuna mtu wa kusahihisha. Tangu nimzike mke wangu Orpah, miaka miwili sasa, nakifungua kitabu hicho siku ya Sabato tu, tena ili waliokaa nyuma yangu waone. Nilimwombea miezi kumi na minne. Sasa yuko chini ya parachichi alilolipanda mwenyewe.

Nilipofunga kitabu Jacinta akauliza, "Tata, leo umeona jambo gani jema?"

"Sijaona."

"Basi kesho utafute."

Ijumaa, 7 Machi

Sikutafuta.

Sabato, 15 Machi

Baada ya ibada mzee wa kanisa, Nyasani, alinifuata hadi nyumbani na suti yake ya kijivu. Hajui kunong'ona. Alisimama karibu na kiti changu akalihubiria dirisha: "Dada, sema mtoto ni mzima! Kinywa chako ndicho kitaamua! Mtu mwenye mawazo mazuri hapatwi na mabaya!"

Nilimkumbuka Orpah, aliyewaza mema hadi asubuhi ya mwisho, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nilimsindikiza Nyasani hadi barabarani kwa hatua ndefu kuliko heshima inavyoruhusu.

Niliporudi nikamwuliza Jacinta kama na yeye anaamini hivyo.

"Hapana, Tata. Wale wawili pia niliwawazia mema."

Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye bati.

"Siwezi kumwambia Mungu la kufanya," akasema. "Lakini najua yuko hapa Gesima leo, hangoji Julai. Shida ni kwamba mimi naona dari peke yake. Wewe una miguu. Nenda uone alikopita, uje uniambie."

Miaka mitano nimekuwa nikisema Bravin alituletea Mkatoliki wa Tabaka kana kwamba kwetu Nyamira nzima hakuna wasichana. Leo sisemi tena.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetafuta. Nyuki wanne ndani ya ua moja la mgomba, wote wamejificha mvua. Nilimweleza. Akataka kujua kama walikuwa wanagombana. Ikabidi nirudi kuangalia. Hawakuwa wanagombana.

Jumanne, 18 Machi

Mong'ina huimba akichuma. Sauti mbaya, moyo mzuri. Hilo ndilo la leo.

Jumatano, 26 Machi

Mvua siku nzima. Kinyonga juu ya kamba ya nguo. Jacinta anaogopa vinyonga, hakulikubali. Nikatafuta lingine: mti wa parachichi wa Orpah una maua. Nilikuwa sijausogelea tangu mazishi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua ya mawe. Dakika ishirini tu, lakini ilipoacha shamba zima lilikuwa jeupe. Mong'ina alisimama katikati ya mistari, mikono kichwani: "Mwalimu, chai imekwisha! Majani yote iko chini!" Migomba imechanika vipande vipande. Kisha Bravin akapiga simu, ruhusa amenyimwa. Akaniomba nimwambie mkewe.

Nilikaa kwenye kiti changu. Jacinta akauliza swali lake la kila siku. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nimeona korongo wawili bondeni, wale wenye taji kichwani. Wanacheza."

"Wanacheza vipi?"

"Wanaruka. Mmoja anainama, mwingine anajibu."

Habari za Bravin sikumpa.

Alhamisi, 3 Aprili

Akauliza kama korongo wamerudi. Nikasema ndiyo. Nimewaongezea kinda mmoja. Mtu akishaanza kudanganya anakuwa mkarimu.

Ijumaa, 4 Aprili

"Tata," alisema leo kabla sijafungua Zaburi, "niliisikia mvua ya mawe. Hii bati iko juu ya kichwa changu. Na Bravin nilimpigia mwenyewe."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Korongo walikuwepo?"

"Hawakuwepo."

"Hata kinda?"

"Hata kinda."

Alicheka kidogo, kisha sauti ikabadilika, nikajua analia. "Maneno mazuri nayapata kwa Mzee Nyasani. Kwako nataka mambo mazuri, yale yaliyo kweli. Siku moja nitakuuliza kama niko salama, Tata. Kama umenidanganya juu ya ndege, siku hiyo nitakuaminije?"

Nimefundisha watoto zaidi ya elfu moja kusema kweli. Leo nimerudishwa darasa la kwanza, na nilistahili. Nilimwambia yote: chai, migomba, na kwamba nilikuwa nimekata tamaa mimi, si yeye. Akasema asante. Halafu, mtu huyu hachoki, akasema, "Sasa. Jambo jema la leo."

Nikafikiri. "Mizizi ya chai haikuguswa."

"Hiyo imeingia," akasema.

Jumanne, 8 Aprili

Jambo jema: hakuna. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema sawa, tutakaa nalo pamoja. Nilisoma Zaburi mbili.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka yao. Bravin alikuja kwa siku moja na nusu. Nilimwona amesimama nje ya mlango wake kwenye manyunyu, anafuta macho kwa mkono wa shati. Tulisimama pamoja tukitazama chai. Inachipuka upya.

Jumatano, 23 Aprili

Wiki ishirini na saba. Tumewapita wale wawili. Hakuna aliyelitaja, lakini Mong'ina alipika kuku.

Jumatatu, 5 Mei

Kuna jambo linanitokea. Naamka kabla ya ndege, nachukua mwavuli, nazunguka shamba nikiangalia kama mkaguzi wa shule. Zamani niliona magugu. Sasa naona magugu na kitu kingine: utando wa buibui umebeba umande wote bila kukatika, jirani yangu Nyangau anaisalimia pikapu yake ya ndizi kabla ya kuiwasha. Nayakusanya yote, nachagua moja la kumpelekea Jacinta. Mengine yanabaki na mimi.

Leo nilimpa la zamani. Nilimwambia kwamba Orpah, asubuhi ya mwisho, aliniuliza kama nimekunywa chai. Miaka miwili neno hilo limenichoma, kwamba mtu anakufa na anauliza habari za chai. Leo, nikilisema kwa sauti, nililisikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa ananitunza.

Jacinta alisema, "Nilimpenda sana Mama." Nikalia hapo kwenye kiti. Faida ya ukuta ni hiyo.

Jumatatu, 12 Mei

Wiki thelathini. Mvua haina adabu. Njia ya kwenda barabarani ni utelezi mtupu.

Jumatano, 21 Mei

Sijaandika tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nitaandika sasa, polepole.

Juzi Jumatatu mchana, saa saba, Mong'ina alikuwa kituoni kupimisha chai. Mvua ilikuwa kubwa. Nilikuwa nakuja na mwavuli, kabla sijakaa nikasikia sauti ya Jacinta. Hakupiga kelele. Aliita kama mtu anayeomba chumvi.

"Tata. Kuna damu."

Nilimpigia Nyangau. Nikampigia Mong'ina, simu haikushika. Niliita majirani, mvua ikameza sauti. Nikabaki mlangoni.

Nataka kuandika ukweli wa mlango ule. Nilisimama. Miguu yangu ilikuwa ya baba yangu na ya babu yangu, ilikataa. Niliona mkono wangu kwenye komeo na sikuweza kuusukuma. Ndipo nikaomba. Sikuwa nimeomba tangu Orpah, nikidhani nimesahau namna. Nilisema, "Nyasae, naingia. Kama ni kosa, liwe juu yangu, lisiwe juu ya mtoto." Basi. Nikavua gambuti. Hadi sasa sijui kwa nini, damu inatoka na mimi navua gambuti, lakini singeweza kuingia na matope. Nikaingia miguu mitupu.

Viti vyao ni vya kijani.

Jacinta alijaribu kujifunika uso kwa shuka, kwa haya. Nami nilitazama ukuta. "Nisamehe, mama," nikamwambia. Hivyo ndivyo nilivyomwita, mama.

Akashika mkono wangu. Hatujawahi kushikana mkono. "Tata, niambie ukweli. Ni nyingi?"

Nikaangalia.

"Ni nyingi."

"Mtoto?"

"Sijui. Weka mkono wako."

Aliweka. Tulingoja. Sijawahi kungoja hivyo, hata kaburini. Kisha uso wake ukabadilika. "Amenipiga teke."

"Basi hilo ndilo la leo," nikasema. "Na Nyangau amefika langoni, namsikia. Hilo pia ni kweli."

Nyangau aliingia akiwa amelowa. "Mwalimu, gari haiwezi fika hapa, itaingia kwa mtaro." Kutoka nyumbani hadi barabarani ni mlima. Nikakimbilia kiti changu cha shule. Tukamkalisha, tukamfunika kwa karatasi ya nailoni ya kuchumia chai ya Mong'ina, Nyangau akashika nyuma na mimi mbele. Nina miaka sitini na tisa. Nilipanda mlima ule peku, na kila nilipoteleza Jacinta alisema, "Pole pole, Tata, tuko sawa," kana kwamba ni mimi ninayebebwa.

Mtoto alizaliwa hospitalini Kisii, saa kumi na moja na nusu jioni. Msichana. Kilo moja na gramu mia nne. Chai ya uzito huo Mong'ina haoni haja ya kuipeleka kituoni. Yuko kwenye sanduku la kioo lenye joto. Jacinta ameongezewa damu, anapumua vizuri. Daktari alisema, "Tutaona." Sikumchukia kwa hilo. Amesema kweli.

Alhamisi, 22 Mei

Bravin amefika. Aliniuliza, "Tata, uliingia?" Nikasema niliingia. Alitazama viatu vyake. "Asante," akasema.

Ijumaa, 23 Mei

Binamu yangu Onyiego anasema mbuzi achinjwe ili nisafishwe. Nitamchinja, sibishani na wazee. Lakini haya haitoki kwa mbuzi. Ninafika hospitalini kila asubuhi na sipandi wodini. Nakaa kwenye benchi karibu na lango. Nimemwona mke wa mwanangu katika hali ambayo baba hapaswi kuona, nitamtazamaje?

Sabato, 24 Mei

Mtoto amepata shida ya kupumua. Wamemwekea mrija. Bravin aliniambia akiwa amesimama, hakuweza kukaa.

Nikiwa pale kwenye benchi nikaona suti ya kijivu inakuja. Nyasani na mkewe, siku ya Sabato, wamebeba chupa ya uji wa wimbi. Nikajiandaa kwa mahubiri. Alikaa karibu yangu. Alikaa kimya, Nyasani, kimya kabisa, mpaka nikamtazama kuona kama ni yeye.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "sisi tulipoteza watatu kabla ya kumpata Lewis. Nilipiga kelele kwa dirisha ya huyo msichana kwa sababu niliogopa. Leo sina maneno. Nimeleta uji."

Tumeunywa pamoja kwa kifuniko kimoja. Nilimhukumu mtu kwa sauti yake.

Jumanne, 27 Mei

Simu. "Tata, uko wapi?"

"Kwenye benchi."

"Siku nane sijaambiwa kitu chema."

"Jacinta, mimi…"

"Kama hungeingia tungekuwa tunazika. Mimi na Mungu tumeshamaliza hiyo maneno, umebaki wewe. Haya, jambo jema."

Nilitazama huku na huku. Mlinzi wa lango alikuwa anampa mama mmoja mwavuli wake. Nikamweleza. Mama alikuwa mnene, mlinzi mwembamba, mlinzi ndiye aliyelowa. Jacinta alicheka, na kile kikohozi kidogo.

Ijumaa, 30 Mei

Mrija umetolewa.

Jumatano, 4 Juni

Kilo moja na gramu mia sita. Nyasani bado analeta uji. Mong'ina anasema chai haijawahi kuwa nzito hivi tangu ile mvua ya mawe.

Jumapili, 8 Juni

Hakuna mvua. Nilisahau sauti ya siku bila mvua. Nilikaa chini ya parachichi la Orpah nikamwambia habari zote, kisha nikamwambia na Mungu, kwa maneno yale yale. Sikuomba mengi. Nilikuwa na mengi ya kusimulia.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nilipanda ngazi.

Chumba cha watoto wadogo kina kioo kirefu. Sheria ni kwamba mama peke yake ndiye anayeingia. Nilimwambia nesi asijali, nimezoea. Akanipa kiti.

Jacinta alikuwa ameketi ndani, mtoto amefungwa kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, kofia ya manjano kichwani. Aliinua macho. Niliogopa jambo hilo kwa wiki tatu, na halikuwa kitu. Alikuwa mwanangu tu, amechoka na anatabasamu.

Kwenye kitanda kidogo kuna karatasi ya jina. Bravin aliniambia kwamba tangu siku ya kwanza imeandikwa "Mtoto wa Jacinta", maana wale wawili walikosa majina na hakuna aliyethubutu kumpa huyu. Leo karatasi ilikuwa mpya. Nilisogea, nikavaa miwani. Orpah.

Jacinta alisema kitu, kioo kikazuia. Aliinua nyusi vile anavyofanya, nadhani, kila siku upande wa pili wa ukuta nisipomwona. Swali lilikuwa lile lile.

Nilichana ukurasa wa katikati wa daftari hili, ndiyo maana unakosekana. Nikaandika kwa herufi za ubaoni, zile za darasa la kwanza, nikaushikilia kwenye kioo kwa mikono miwili:

JAMBO JEMA LA LEO: NIMEMWONA ORPAH.

Jacinta alisoma. Kisha akainamisha kichwa kwenye kofia ya manjano, na nikaona midomo yake ikienda polepole. Alikuwa anamsomea mtoto.